Kigingi, Pete na Msumari

Nikiitwa nyumba ya watu kwa kazi ya kutundika, mwenye nyumba hunionyesha nguo yenyewe: rangi zake, nani alimletea, ilitoka wapi. Macho yangu huwa yameshapanda juu, kwenye kile kinachoishika. Nguo ya ukutani haifi kwa uzee tu. Nyingi huuawa na msumari. Na kwa kuwa nguo huoza na ukuta hubaki, hata habari za kale za nguo hizi hapa pwani hatuna budi kuanza kuzisoma kwenye matundu na vigingi, ndipo tuje kwenye nyuzi.

Mimi ni fundi wa mapazia na makochi, Mji wa Kale, Mombasa. Sindano nilishikishwa na ami yangu, aliyekuwa akishona matanga ya majahazi siku zile bandari ya kale ilipokuwa bado ikijaa vyombo vya msimu wa kaskazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini moja alilirudia mpaka likaniganda: tanga halining'inizwi kwa pembe mbili. Hufungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, urefu wake wote, kamba baada ya kamba, uzito na upepo vigawanywe sawa. Ukilishika pembeni peke yake, litapasuka. Zulia la ukutani nalo ni tanga lisilosafiri. Kinacholivuta ni uzito wake lenyewe, nao haupumziki usiku wala mchana.

Anayetaka kuona kazi hii ilivyokuwa ya kale hapa kwetu na aende Gede, karibu na Watamu. Mji ule wa mawe ulikuwa hai karne ya 14 na ya 15. Kuna kaburi pale lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na kufikia karne ya 17 watu walikuwa wameshauhama. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Wageni hupenda kupigia picha lango la jumba la mfalme na mizizi ya miti iliyokumbatia kuta. Mimi huvutwa na matundu yaliyo juu ukutani katika baadhi ya vyumba. Ndani yake vilikaa vigingi vya mbao. Kirkman aliyafasiri kuwa ni mahali pa kutundikia mazulia na vitambaa, na matundu ya namna hiyo yametajwa pia na Peter Garlake, aliyepima majengo ya kale ya pwani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966. Tundu la namna ile halikutobolewa baadaye na mpangaji. Aliyejenga alijua, chokaa ikingali mbichi, kwamba ukuta ule utavaa nguo.

Kwa nini watu wa nchi ya joto wavishe kuta zao? Ulaya ya kaskazini wafalme walitundika mazulia makubwa ya sufu kuzuia baridi ya mawe. Kwetu baridi haikuwa na kesi. Jibu liko kwenye boriti. Dari ya nyumba ya mawe ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, lakini ni virefu sana, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kadiri unavyoingia ndani, mwanga unapungua. Chumba kirefu chenye ukuta mweupe mtupu na giza la mchana hutaka kitu cha kukichangamsha, na hutaka pazia la kumficha aliye ndani na macho ya aliye nje. Juu ya hayo kuna heshima: mgeni akikaa, ukuta ulio mbele yake umweleze ameingia kwa nani.

Nguo zenyewe hazikukosekana. Kwenye magofu ya Kilwa vimeokotwa vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, vingi vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu, ushahidi kwamba pamba ilisokotwa hapohapo mjini. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu nguo zilizofumwa kule na kupelekwa mpaka Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi wafumaji Waislamu wa Sofala walivyofumua nguo za buluu za Cambay, Bara Hindi, wakachukua uzi ule wa rangi wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Na Pate ikapata sifa kwa vitambaa vya hariri ambavyo Wareno wenyewe walivitamani.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa mji wangu, nao umetoka mkononi mwa walioupora. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliingia Mombasa, akaichoma na kuwaachia askari wake waipekue nyumba kwa nyumba. Maelezo ya msafara ule, yanayojulikana kwa jina la Mjerumani Hans Mayr aliyekuwa merikebuni, yanahesabu vilivyobebwa: nguo za pamba zilizokuwa zikingoja kupelekwa Sofala, mavazi ya hariri na dhahabu, mazulia, matandiko ya farasi. Zulia moja lilikuwa zuri kiasi kwamba mwandishi hakudhani kuna mahali litapatikana la kulishinda, likawekwa kando kwa ajili ya mfalme wa Ureno. Kwa hiyo habari ya zulia bora la Mombasa ya zama zile tunayo kwenye orodha ya mateka.

Baada ya hapo ukuta wa pwani ulibadili vazi. Ukiingia nyumba za Lamu za karne ya 18, katika chumba cha ndani kabisa unakuta zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, ukuta mzima kutoka upande hadi upande. Humo zilikaa sahani za kauri za Uchina, bakuli, na vitabu. Nakshi sasa ilikuwa ya ukuta wenyewe. Nguo ikashuka kuwa pazia baina ya msana, yaani ukumbi wa mbele, na chumba cha ndani, na kuwa pambo la siku ya harusi. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unapoomboleza majumba ya Pate yaliyoanguka unazikumbuka zidaka hizo na vyombo vyake. Unguja nako Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 juu ya vyumba vyenye mashubaka ya vyombo vya kioo na kauri, vioo vya kujitazamia vilivyopanda mpaka darini, na saa za kila aina, huku mazulia ya Kiajemi na mikeka vikiwa miguuni. Zulia lilikuwa limerudi sakafuni.

Lililolipandisha tena ukutani kwa watu wa kawaida, kwa ninavyoona mimi, ni Makka.

Nguo iliyotundikwa inayojulikana kuliko zote kwa watu wetu ni kiswa, vazi la Al-Kaaba. Kwa karne nyingi kilitoka Misri, kikisindikizwa na msafara wa mahmal. Mwaka 1927 Mfalme Abdulaziz alianzisha kiwanda cha kukifuma papo hapo Makka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Misri ikaacha kabisa kukipeleka. Kiswa ni hariri nyeusi, urefu wa mita 14 kutoka juu hadi chini, maandishi yakiwa yamefumwa kwenye nguo yenyewe, na mshipi wake umedariziwa kwa nyuzi za fedha zilizopakwa dhahabu. Fundi kama mimi anatazama jinsi kinavyoshikwa. Pande zake nne hupandishwa mbalimbali kisha huunganishwa kwa kushonwa penye pembe. Juu hufungwa kwenye pete za shaba zilizozunguka paa, na chini kwenye pete nyingine zilizoko kwenye tako la jengo. Uzito wote umegawanywa pete kwa pete, kama vile tanga kwenye foromali.

Utunzaji wake nao ni darasa. Kila mwaka kiswa hubadilishwa: zamani siku ya tarehe 9 Mfunguo Tatu, mahujaji wakiwa Arafa, na tangu 2022 usiku wa kuingia mwaka mpya wa Hijria. Hakuna anayejidanganya kwamba hariri iliyo juani na mikononi mwa watu itadumu. Msimu wa hija ukikaribia, sehemu ya chini hupandishwa kiasi cha mita 3 na mahali pake hufunikwa kwa kitambaa cheupe cha pamba, isikwanguliwe wala kukatwa na wanaotaka ukumbusho. Kilichovuliwa hukatwa vipande na vingine hutolewa zawadi kwa wakubwa na mataifa.

Hujaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hakupewa kipande cha kiswa. Alinunua sokoni, Jedda au Makka, zulia jepesi la mahameli lenye picha ya Al-Kaaba na minara, akalikunja ndani ya sanduku pamoja na zamzam na tasbihi. Walipoanza vijana wetu kwenda kufanya kazi Ghuba, miaka ya 1970 na kuendelea, mazulia yakaja kwa wingi zaidi, na si ya Makka peke yake: simba na watoto wake, tausi wawili wanatazamana, paa wenye pembe za matawi wamesimama kwenye theluji ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyeikanyaga. Yote yalifumwa kiwandani, mengi kwa uzi wa sintetiki, bei ya kumudu. Yalipofika yalikuta kuta za saruji zisizo na kidaka hata kimoja, na yakashika kazi ya zidaka: juu ya kochi, mbele ya mlango, mgeni ayaone akiingia.

Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni aliniita kwa sababu ya zulia la namna hiyo, la Makka, aliloletewa na marehemu mumewe. Lilikuwa limegongomewa misumari minne, mmoja kila pembe. Pindo la juu lilikuwa limelegea katikati, limefanya tumbo. Kila msumari ulikuwa umeota kutu na kuacha doa la kahawia upana wa kidole, na uzi uliouzunguka ulikatika kwa kuguswa tu. Upande wa kushoto, penye dirisha, mbingu ya buluu ilikuwa imekuwa kijivu. Chini yake, juu ya meza ndogo, kulikuwa na chetezo.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Udi unachomea hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Kila Alhamisi. Si ndiyo heshima yake?"

"Heshima linayo. Lakini moshi unapanda moja kwa moja, tazama minara ilivyofanya weusi."

Alitazama kwa muda. "Basi chetezo kitahama," akasema. "Ila ulitundike juu, mtu asije akaegemeza mgongo wake."

Alikuwa na haki, na kwa sababu zaidi ya aliyoitaja. Picha ya Al-Kaaba kwetu haiwekwi upande wa miguu ya kitanda wala pa kuegemewa. Na mafuta ya nywele yatokayo kwenye vichwa vya wanaoegemea ni adui mkubwa wa mahameli. Mara nyingi adabu na utunzaji vimekwenda njia moja bila watu kufahamu.

Nililiteremsha, nikalilaza kifudifudi kwenye shuka safi. Misumari sikuivuta kwa mbele. Nilikata uzi uliooza, nikatoa nguo kwenye msumari kwanza. Kisha vumbi. Zulia la ukutani halipigwi fimbo kama godoro, maana pigo hukata nyuzi zilizokwisha kuchoka. Nilitandaza kipande cha chandarua juu yake, nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ndogo, taratibu, kufuata malaika, yale manyoya laini ya mahameli, yanakolala. Chandarua huzuia uzi uliolegea usimezwe. Asiye na mashine atumie brashi laini ya nguo, kutoka juu kwenda chini. Maji sikuyagusa. Rangi nyekundu na nyeusi za mazulia haya huchuruzika, na ikishaingia kwenye nyeupe hakuna fundi wa kuirudisha.

Mgongoni nilishona bitana ya marekani, niliyoifua kwanza ili isije ikaruka baadaye na kulivuta zulia. Juu kabisa, kutoka pembe hadi pembe, nikashona mfuko wa upana wa vidole vinne, mishono ikishika nyuzi za mgongoni tu isitokeze mbele. Ndani ya mfuko ukaingia ubao mwembamba, papi, uliopigwa msasa na kupakwa vanishi ili utomvu wa mbao usipenye kwenye nguo. Kwa mazulia mazito hupenda velkro: upande laini nashona kwenye zulia, upande wa kukwaruza naupigilia kwenye papi iliyofungwa ukutani kwa skrubu za shaba. Faida yake ni kwamba nyumba ikishika moto au bomba likipasuka, unalibandua kwa mkono mmoja na kukimbia nalo.

Ukuta wenyewe nao una mambo. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa unyevu na kutema chumvi, ule unga mweupe unaochipuka masika. Nguo iliyobanwa kwenye ukuta kama huo huota koga mgongoni huku mbele inang'aa. Nyuma ya papi huweka vipande vidogo vya mbao, zulia likae mbali na ukuta kiasi cha unene wa kidole gumba, hewa ipite. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi koga hupata nafasi, na Mombasa hewa yetu hupita hapo siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo dirisha la asubuhi ni dawa kuliko manukato.

Dirisha hilohilo ndilo mwuaji wa pili. Makumbusho yanayotunza nguo za kale hujitahidi mwanga usizidi luksi 50. Jua la mchana likipiga moja kwa moja hufikia 100,000. Rangi iliyoondoka kwa jua hairudi kwa dawa yoyote. Hamisha zulia ukuta usiotazama jua, au weka pazia, au uwe na mazulia mawili uyapokezane, moja likipumzika. La kupumzika lisikunjwe, kwa kuwa mkunjo ukikaa mwaka huwa mkato. Liviringishwe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kitambaa safi cha pamba, malaika yakiwa nje, kisha livishwe shuka. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani.

Ya wadudu ni mafupi. Nondo hula sufu na hariri. Sintetiki haimvutii ila ikiwa na mafuta na jasho la watu. Wazee waliweka karafuu na kafuri, na harufu ile humsumbua, lakini haiui mayai yaliyokwisha tagwa. Kinachomshinda ni kusumbuliwa: zulia literemshwe kila baada ya miezi michache, litazamwe mgongoni na kwenye mapindo, lisafishwe, lirudi. Linalokaa miaka kumi bila kuguswa ndilo analolitafuta.

Nikimaliza kazi yoyote ninashona jambo moja la mwisho ambalo mteja hakuliomba: kipande kidogo cha marekani kwenye kona ya chini ya bitana, kimeandikwa kwa wino usiofutika. Nani alileta, kutoka wapi, mwaka gani, lilitengenezwa lini. Ya Gede hatunayo majina, ya zulia lililokwenda Ureno hatuna jina la mwenye nyumba, na ya mazulia yaliyokuja na mabibi na mababu zetu tunayapoteza sisi wenyewe, watu wakiwa hai na kumbukumbu zao ziko timamu. Baadhi ya wateja huniambia sina haja ya kujisumbua, kila mtu nyumbani anajua habari zake. Huwauliza tu lile la simba lililokuwa kwa nyanya yao lililetwa na nani. Wakishamaliza kubishana wao kwa wao, ndipo hunitafutia kalamu.